Ovaroli kabla ya jaketi la ngozi

Anayeanza kukusanya mavazi ya zamani ya marubani hapa Lubumbashi huja na picha moja kichwani: jaketi la ngozi la rangi ya kahawia, kola ya manyoya, miwani mikubwa iliyopandishwa juu ya paji la uso. Picha hiyo si ya uongo, ila ni ya anga la watu wengine. Nimepekua marobota ya mitumba kuanzia Njanja hadi soko la mtaa wetu unaoitwa Kenya, nimekaa na wazee waliofanya kazi uwanja wa ndege wa Luano, na ninaloweza kusema bila kusita ni kwamba urubani wa Katanga, eneo letu hili la kusini mwa Congo, ulivaa pamba. Ulivaa ovaroli nyepesi, glavu zilizokakamaa kwa jasho, viatu vilivyobadilishwa soli mara kwa mara. Anayetafuta manyoya peke yake atarudi nyumbani mikono mitupu, au atauziwa koti la pikipiki kwa bei ya vita vya dunia.

Sababu ni hewa yenyewe. Kila unapopanda mita 1,000, joto hushuka kwa digrii kama 6.5. Wamarekani waliokwenda kupiga mabomu Ujerumani kwa ndege za B-17 waliruka mita 7,000 na zaidi, na wapiga bunduki wa ubavuni walisimama penye madirisha yaliyo wazi. Baridi ya digrii 40 chini ya sifuri iliwaharibu watu vidole na masikio. Ndiyo maana jeshi lao lilikuwa na B-3, koti zito la ngozi ya kondoo lenye manyoya kwa ndani, lililoingia kazini mwaka 1934. Waingereza nao walikuwa na jaketi la Irvin, linalobeba jina la Leslie Irvin, Mmarekani aliyefungua kiwanda cha parachuti huko Letchworth, Uingereza, mwaka 1926. Watu huyaita mavazi ya kishujaa. Mimi nayaona kwanza kuwa mavazi ya baridi, na ushujaa umekuja baadaye kwenye picha.

Sasa twende Kamina, mji mwingine wa Katanga. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Wabelgiji walijenga huko kambi kubwa ya ndege, na kuanzia 1953 hadi 1960 walikuwa wakileta vijana wao kujifunza urubani kwa ndege za Harvard. Harvard ina injini moja ya propela na viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, chini ya paa la vioo. Kamina iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, jua lake la Septemba linajulikana, na mazoezi ya kutua na kupaa hayampeleki mtu penye barafu. Ni nani angevaa manyoya ya kondoo mle ndani? Papa mmoja wa mtaa wa Katuba, makanika aliyeanza kazi Luano enzi za Air Zaïre na ambaye wakubwa wake wa kazi walikuwa wamepitia Kamina, alicheka sana nilipomuuliza habari za majaketi ya ngozi.

“Mutoto yangu,” akaniambia, “ndeke ikisimama kwa jua saa sita, chuma yake huwezi kuigusa na mkono mutupu. Sisi tulikuwa tunatafuta glavu. Nani alikuwa na akili ya kutafuta koti?”

Maneno hayo yalinigeuza zaidi ya kitabu chochote. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza juu ya kila kitu ninacholetewa si “ni cha mwaka gani?” bali “kilifanya kazi gani, na katika joto lipi?” Glavu ya rubani, kwa mfano, ni nyembamba kuliko ya fundi wa kuchomelea, kwa sababu vidole lazima vihisi swichi bila macho kuviangalia. Ovaroli ya rubani ina mifuko mapajani na miguuni, si makalioni, kwa kuwa aliyeketi amefungwa mikanda hawezi kufikia mfuko wa nyuma. Zipu yake mara nyingi hufunguka kutoka juu na kutoka chini, na sababu yake ataijua yeyote aliyewahi kubanwa na haja ndogo akiwa amefungwa kitini. Ukishika nguo ukajiweka kwenye kiti cha aliyeivaa, nusu ya vitu vinavyoitwa vya marubani sokoni vinajitoa vyenyewe. Ni vya mafundi wa magari, vya wazima moto, vya wavuvi wa Ulaya.

Kuhusu soko lenyewe: nguo zinafika kwetu kwa njia ndefu. Nyingi zinashuka bandarini Dar es Salaam, zinapita Zambia, ambako wenzetu huziita salaula, kisha zinavuka mpaka wa Kasumbalesa. Robota linapofunguliwa asubuhi, wa kwanza kufika ndiye mwenye macho. Lakini mimi sikimbilii alfajiri tena. Wauzaji wanaonijua huniwekea kando vitu vya ajabu ambavyo wateja wa kawaida hawavitaki: ovaroli yenye doa la grisi lisilotoka, kofia ya kitambaa yenye matundu masikioni, mkanda wenye kifungo cha chuma ambacho hakuna anayejua kinafunguka vipi. Mama mmoja wa Njanja ana kipaji cha kuniita. Kila nguo yenye mifuko mingi, hata ya mvuvi, ataiinua juu: “Yaya, ona hii ya ndeke!” Kumi zinapita bure. Ya kumi na moja unanyamaza, unauliza bei kwa sauti ya mtu asiye na haja, na mama naye anakutazama usoni kwa sababu anajua biashara kuliko wewe.

Kisha unaigeuza nguo ndani nje. Hapo ndipo penye utamu wote wa kazi hii, nami nitakaa hapo kidogo.

Lebo ya jeshi haiandikwi kumfurahisha mnunuzi. Imeandikwa kwa ajili ya karani wa ghala, ndiyo maana inaweza kuaminika. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970, vifaa vya Marekani vina nambari yenye tarakimu 13, kama vya nchi nyingine za NATO. Nne za kwanza ni fungu la kifaa: 8415 ni mavazi ya kazi maalumu, 8475 ni mavazi ya urubani na vifaa vyake. Mbili zinazofuata zinataja nchi iliyokisajili: 00 na 01 ni Marekani, 12 Ujerumani, 13 Ubelgiji, 14 Ufaransa, 99 Uingereza. Mtu wa Katanga akiona 13 baada ya fungu la mavazi, lazima akae chini kwanza. Nambari yenye tarakimu 11 tu, isiyo na zile mbili za nchi, inakurudisha nyuma ya hapo, kwenye mfumo wa zamani wa Wamarekani.

Kwa nguo za Marekani kuna dalili nyingine rahisi. Tafuta mstari wa mkataba. Ukianza na DSA, nguo imeagizwa kati ya miaka ya mwanzo ya 1960 na 1977, maana ndio uhai wa idara ya ugavi wa jeshi iliyoitwa hivyo. Ukianza na DLA, ni baada ya hapo, idara ileile ikiwa na jina jipya. Mara nyingi, baada ya nambari ya ofisi iliyoagiza, tarakimu mbili zinakupa mwaka wenyewe: 68, 72, 85. Nimewahi kumwonyesha kijana mmoja wa sokoni jambo hili, naye kesho yake akapandisha bei ya kila kitu chenye herufi DSA. Sikumlaumu. Nilikuwa nimempa shule ya bure.

Uingereza wana lugha yao. Taji dogo likiwa na herufi A na M ni muhuri wa Wizara ya Anga, na nambari inayoanza na 22C ni ya mavazi ya kurukia. Usishangae vitu hivyo vikitokea upande wetu. Wakati wa Vita vya Pili Waingereza walikuwa na shule nyingi za marubani Rhodesia Kusini, yaani Zimbabwe ya leo, na vitu vya jeshi havina adabu ya mipaka: vita vikiisha vinauzwa, vinagawiwa, vinaibiwa, vinapanda treni.

Pasipo lebo, au lebo ikiwa imekatwa, zinabaki zipu na uzi. Zipu za Talon, Conmar na Crown ndizo za Marekani ya zamani. YKK ya Japani ni kampuni ya tangu 1934, lakini ukiiona kwenye jaketi linalodaiwa kuwa la Mmarekani wa 1942, mrudishie mwenye mali kwa heshima. Ule ukanda wa kunata unaotoa sauti ya kuchanika ni rahisi zaidi: George de Mestral wa Uswisi aliupatia hataza mwaka 1955. Jaketi la vita vya Hitler halina ukanda huo, hata mwenye nalo aape kwa kaburi la babu yake. Na uzi: ng'oa nyuzi mbili ndani ya mshono wa mfuko, mahali pasipoonekana, uziguse kwa kiberiti ukiwa nje ya nyumba. Pamba inawaka kama karatasi na kuacha jivu. Nailoni inayeyuka na kuwa kishanga kigumu. Nomeksi, kitambaa cha marubani wa kuanzia miaka ya Vita vya Vietnam, haiyeyuki. Inaungua ikawa nyeusi, na moto ukiondolewa inazima yenyewe. Kitambaa kile hakikubuniwa kwa sababu ya urembo. Ndege inapoanguka na mafuta kuwaka, nailoni hushikamana na ngozi ya mtu.

Kuhusu majaketi yale yanayotafutwa na kila mtu, nitasema machache. A-2 la Marekani liliidhinishwa 1931, na jeshi likaacha kuliagiza 1943. Lina mifuko miwili mbele yenye vifuniko, mgongo wa kipande kimoja kisicho na mshono katikati, na halina mifuko ya ubavuni ya kupashia mikono, kwa kuwa askari hakutakiwa kusimama mikono mfukoni. Jeshi la anga la Marekani lilirudisha A-2 mwaka 1988, la ngozi ya mbuzi, na baadaye likaliongezea mifuko hiyo ya ubavuni. Kwa hiyo anayekuuzia A-2 yenye mifuko ya kupashia mikono kwa jina la Vita vya Pili ana jaketi zuri na habari mbovu. Lile la nailoni la kijani, MA-1, lenye bitana ya rangi ya chungwa ili rubani aliyeanguka aligeuze aonekane kutoka juu, limeigwa na viwanda vya mitindo mpaka basi. Vijana wa mtaa wa Kamalondo wanalivaa asubuhi za Juni na Julai, baridi yetu ikiwa imekaza, na wanapendeza. Silikusanyi.

Jambo la kuvaa lina ukali wake hapa kwetu. Mkusanyaji wa Ulaya huvaa alichonunua akaenda nacho kwenye maonyesho ya ndege. Congo, raia kuonekana barabarani na vazi la kijeshi ni kujitafutia kesi, na askari wa kizuizini hana muda wa kusikiliza hotuba yako kuhusu NATO na tarakimu 13. Kwa hiyo nimejiwekea sheria: sinunui chochote chenye alama ya jeshi letu la sasa, sivai nilicho nacho nje ya ua, na ninaposafirisha nguo kutoka mtaa mmoja hadi mwingine zinakuwa zimekunjwa ndani ya begi pamoja na daftari langu. Vijana wanaoanza hawapendi kusikia hili. Wanataka kupiga picha mbele ya posta. Nawaambia wapige nyumbani.

Sasa kuna jambo ambalo wakusanyaji wengi wa dunia wanalijua kwa vitabu, ila sisi wa hapa tuna damu nalo. Pamoja na mavazi, mtu hukusanya vitu vya mkononi: saa za rubani, dira, vipimo vya kimo vilivyong'olewa kwenye ndege chakavu. Vingi vya kabla ya miaka ya 1960 vina tarakimu zilizopakwa rangi ya kung'aa gizani, na rangi hiyo ilitengenezwa kwa radiamu. Radiamu hiyo ilitoka wapi? Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya radiamu ya dunia ilitoka kwenye mawe ya Shinkolobwe, pale karibu na Likasi. Madini yaligunduliwa 1915, Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, ikawa inayasafirisha hadi Olen, Ubelgiji, na tangu 1922 kiwanda cha Olen kikawa kinatoa radiamu kwa wingi hata wazalishaji wa Marekani wakashindwa bei. Urani ya shimo hilohilo ndiyo iliyokuja kutumika katika mabomu ya atomiki ya 1945, na habari hiyo kila mtoto wa Katanga ameisikia. Ya radiamu wachache wanaijua. Inawezekana kabisa kwamba kipimo cha kimo kilichotengenezwa Ulaya, kikafungwa kwenye ndege, kikaja kuanguka huku kwetu, kilikuwa kimebeba kidogo cha udongo wetu.

Hatari yake ni hii. Rangi ile ni radiamu iliyochanganywa na sulfidi ya zinki. Zinki ndiyo inayong'aa, radiamu ndiyo inayoichochea. Baada ya miongo michache zinki inachoka na mwanga unakufa, lakini radiamu inahitaji miaka kama 1,600 ili nusu yake tu iishe. Kwa hiyo saa isiyong'aa tena si saa salama. Nilipopata kipimo kimoja cha kimo chenye tarakimu zilizogeuka kahawia, nilimwomba rafiki anayefanya kazi mgodini aje na kipima mionzi chake. Alikisogeza mbele ya kioo, kikaanza kulia haraka haraka, na mke wangu, ambaye mpaka wakati huo alikuwa akivumilia mambo yangu, akasema kitu hicho hakilali chini ya paa moja na watoto. Alikuwa na haki. Sasa kimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki, ndani ya kopo la chuma lenye kifuniko, katika kibanda cha nje chenye hewa. Kioo chake hakijafunguliwa na hakitafunguliwa, kwa maana balaa lenyewe ni vumbi la rangi likiingia kinywani au mapafuni. Mafundi wa saa wa mjini nimewazungukia kuwaeleza. Wawili walinisikiliza. Wengine waliniona mtu wa kuogopa kivuli chake, na wanaendelea kukwangua tarakimu za saa za zamani kwa wembe.

Utunzaji wa nguo hauna siri kubwa. Adui wa ngozi hapa ni wawili na wanapokezana: mvua kuanzia Novemba huleta ukungu mweupe kwenye mikunjo, na kiangazi huleta vumbi jekundu linaloingia kwenye meno ya zipu na kuyakata. Natundika nguo kwenye hanga pana, kabatini mwenye matundu ya hewa, sifungi ngozi ndani ya plastiki, na nafuta ukungu kwa kitambaa kikavu nikiwa nje. Watu watakushauri upake mafuta ya mawese, vaselini au rangi ya viatu. Ngozi inameta wiki moja, kisha inalegea na nyuzi zinaoza. Vitu vya mpira, kama barakoa za oksijeni na kingo za miwani, vinakufa tu. Unaweza kuchelewesha kwa kuviweka gizani, basi.

Kinachonipa kazi kuliko ukungu ni hadithi. Katanga ina historia ya angani iliyojaa moshi, na kila mwenye kofia ngumu ya zamani angependa iwe na moshi huo. Kofia ninazoletewa mara nyingi zaidi huitwa za rubani wa Fouga. Mambo yenyewe yako hivi: mwaka 1961 serikali ya Moïse Tshombe, aliyekuwa ameitenga Katanga na Congo, ilipata ndege tatu za Fouga Magister, ndege ndogo za Kifaransa za kufundishia, zenye mkia wa umbo la V. Septemba ya mwaka ule, vita na Umoja wa Mataifa vilipowaka, ni moja tu iliyokuwa ikiruka, na hiyo moja iliwasumbua askari wa Umoja wa Mataifa hata safari za mchana zikawa za hatari. Usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Septemba ndege ya Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, ikaanguka karibu na Ndola, upande wa Zambia ya leo. Umoja wa Mataifa ukaleta ndege zake za kivita: Saab za Sweden, Canberra za India, Sabre za Ethiopia. Sasa hesabu mwenyewe. Fouga moja inayoruka, marubani wa kuhesabika kwa vidole vya mkono. Kofia nilizokwishaonyeshwa zingetosha kikosi kizima.

Simwambii mleta kofia kwamba anasema uongo. Mara nyingi hasemi uongo. Anarudia aliyoambiwa na baba yake mkubwa, naye baba mkubwa aliambiwa na aliyemuuzia. Ninachofanya ni kuigeuza kofia kama nilivyogeuza ovaroli. Ndani kuna jina la kiwanda, kuna ukubwa, wakati mwingine kuna tarehe ya ukaguzi iliyopigwa muhuri. Mojawapo ilikuwa ya waendesha pikipiki wa Ufaransa. Nyingine ilikuwa ya rubani kweli, tena nzuri, lakini nambari yake ilikuwa na tarakimu 13, kwa hiyo sidhani kama ni ya 1961. Nahisi ilikuja na ndege ambazo Zaire ya Mobutu ilinunua Ufaransa na Italia. Kijana aliyeileta alisikitika kama amefiwa. Nilimlipa bei nzuri kuliko aliyotegemea, kwa sababu kwangu kofia ya rubani wa Zaire ina thamani kubwa. Hakuna anayewakusanya wale. Mamluki wa Tshombe wameandikwa mpaka karatasi zimekwisha, na vijana wa Kikongo waliojifunza kurusha ndege za kivita za Mirage hakuna hata aliyewawekea sanduku.

Hali ni hiyohiyo kwa kitambaa cha parachuti. Tarehe 19 Mei 1978 askari wa Jeshi la Kigeni la Ufaransa waliruka juu ya Kolwezi, mji wa migodi hapa Katanga, na parachuti walizotumia zilikuwa za Kimarekani kutoka ghala la jeshi la Zaire. Mzee mmoja ana kipande cha nailoni anachosema kilitoka siku ile. Kwao kilitumika kama pazia. Kitambaa ni cha parachuti, hilo halina ubishi. Kuhusu siku ile, nina neno lake tu. Nimekiandikia karatasi: nani kanipa, alisema nini, kwa maneno yake mwenyewe, na chini yake mstari mwingine wa niliyoyaona kwa macho. Mistari hiyo miwili siichanganyi kamwe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi naona hata mali iliyopo mbele yako hupotea vilevile, ukiichanganyia habari.

Papa wa Katuba ndiye aliyenipa vitu ninavyovithamini kuliko vyote, na hakuna hata kimoja kitakachomshangaza mtu wa mnada: ovaroli yake ya kazi iliyofifia kwenye magoti, kofia ya kitambaa aliyoshonewa na mkewe ili kuzuia jasho lisiingie machoni akiwa chini ya injini, na glavu za mkono wa kulia tupu. Niliuliza za kushoto ziko wapi. Akasema za kushoto hazikuwa zikiisha, kwa hiyo alizigawa. Sijui hata leo kama alikuwa ananitania. Nimeviandikia karatasi, naye akasoma, akasahihisha jina la injini nililokosea herufi, akatia sahihi.

Nafasi ya nyumbani imekuwa finyu, na mama watoto ameniomba nichague. Nimechagua vitu vya huku. A-2 yangu moja, ile ya baada ya 1988 yenye mifuko ya ubavuni, iliyoingia kwenye robota la makoti ya ngozi bila mtu kuitambua, nataka kuibadilisha. Mwalimu mmoja wa Ndola anaitaka sana. Yeye ana ovaroli ya pamba yenye muhuri wa Kibelgiji, haina jina la mtu, pamoja na kofia ya kitambaa yenye nafasi za vipokea sauti, na anasema vilitoka kwa familia iliyohama Kamina baada ya uhuru. Picha za lebo amenitumia kwa simu. Muhuri nimeukubali, hadithi nimeiweka kwenye mstari wake. Tulikubaliana tukutane Kasumbalesa. Sasa anadai niongeze na ile kofia ngumu ya Zaire, na mimi nimemwambia kofia haitoki. Nitaongeza dola thelathini na nauli yake ya basi. Bado hajajibu.